Chokaa, si saruji, ndiyo tiba ya kuta kuukuu za Busia na Malaba

MTU anayesimama Malaba siku isiyo na mawingu na kutazama upande wa magharibi huliona jabali la Tororo likichomoza ng'ambo ya mpaka. Katika vilima vilivyo karibu na mji huo wa Uganda kuna mawe ya chokaa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 mawe hayo yamekuwa yakichimbwa na kuchomwa ili kutengeneza saruji.

Ndiyo maana kwa mkazi wa Malaba au wa Busia, saruji si kitu cha kutafutwa mbali. Imejaa katika maduka ya vifaa vya ujenzi pande zote mbili za mpaka. Ufa ukitokea ukutani, fundi huitwa, mfuko hununuliwa, na jua likizama ufa umekwisha kufunikwa.

Kwa nyumba iliyojengwa juzi kwa saruji, hakuna ubaya wowote. Lakini kwa jengo la zamani, liwe kanisa la misheni, darasa la kwanza la shule, duka kuukuu la barabarani au nyumba iliyojengwa enzi za reli, mfuko huo mmoja waweza kuwa mwanzo wa mwisho wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani, na hapo ndipo penye utata. Ukuta wa kale uliozibwa kwa kitu kisichoufaa huharibika upesi kuliko ule ulioachwa na ufa wake.

Majengo yenyewe ni yapi?

Miji ya Busia na Malaba haina magofu ya karne nyingi kama yale ya pwani. Hata mpaka unaoipa riziki ni wa juzi tu: hadi mwaka wa 1902 eneo lote hili la magharibi mwa Kenya lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kabla ya Waingereza kulihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, historia ya karne moja si haba. Wamisionari wa shirika la Mill Hill waliingia Kisumu mwaka wa 1903 na Mumias mwaka wa 1904 wakitokea upande wa Uganda, na misheni zikaenea kutoka hapo hadi vijiji vya mpakani. Reli kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka wa 1924, ikaendelea hadi Malaba na Tororo, na kufikia Kampala mwaka wa 1931. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara na watumishi wa serikali, na kila kundi lilijenga.

Udongo wa mfinyanzi ulikuwa tele, na kuni pia. Kwa hiyo majengo ya kudumu ya eneo hili yalijengwa kwa wingi kwa matofali ya kuchoma, na mengine kwa mawe. Saruji ilikuwa ghali, kwani Kenya ilianza kuisaga jijini Nairobi katika miaka ya 1930, na kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa hakikuanza uzalishaji hadi mwaka wa 1954. Kabla ya hapo ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo na kusafirishwa mamia ya kilomita kwa reli. Mwashi wa zamani aliitumia kwa kipimo kidogo, au hakuitumia kabisa. Matofali aliyashikanisha kwa chokaa na mchanga, au kwa udongo wa kawaida uliofunikwa kwa chokaa upande wa nje.

Majengo ya namna hiyo ndiyo kumbukumbu ya pekee ya mawe na matofali waliyo nayo watu wa mpakani. Mengi hayamo katika orodha yoyote ya serikali. Hutunzwa na kamati za makanisa, bodi za shule na wenye maduka, kwa michango na kwa nia njema. Lakini nia njema pasipo maarifa haiuzuii ukuta kuanguka.

Safari ya jiwe hadi jiwe

Ili kuelewa tofauti ya chokaa na saruji, yafaa kujua kwanza chokaa ni nini.

Jiwe la chokaa, au matumbawe ya baharini, likichomwa tanurini kwa joto la nyuzi takriban 900 za Selsiasi, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Jiwe safi la kilo 100 hubakia kilo 56 tu. Kilo 44 zilizosalia hupaa angani. Kinachobaki ni chokaa mbichi, kitu kikali kinachochoma ngozi na chenye uwezo wa kupofusha macho.

Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka kwa kishindo na kufuka mvuke. Hiyo ndiyo kazi ambayo mafundi huiita kuzima chokaa. Ikiisha kuzimwa kwa maji mengi huwa rojo nyeupe na laini, nayo huhifadhiwa chini ya maji kwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini na kushika vyema. Warumi wa kale waliithamini zaidi ile iliyokaa miaka.

Rojo hiyo ikichanganywa na mchanga na kutiwa ukutani, haigandi kwa sababu ya kukauka tu. Huivuta tena kutoka hewani ile gesi iliyopotea tanurini, na polepole hurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa unaendelea kukomaa miezi na hata miaka baada ya fundi kwenda zake.

Saruji ya kisasa, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipatia hataza mwaka wa 1824, ni kitu kingine. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwa joto la nyuzi takriban 1,450. Unga unaopatikana hushikana na maji na kuwa mgumu kwa saa chache tu. Ni imara, haupitishi maji kwa urahisi, na haunyumbuki. Sifa hizo tatu zimejenga madaraja na maghorofa ya dunia. Ndizo hizo hizo zinazoangamiza ukuta wa kale.

Jinsi saruji inavyoua tofali

Ukuta wa zamani hauna msingi uliozuiwa unyevu kwa karatasi ya nailoni. Hunywa maji kutoka ardhini na hulowa kwa mvua, na eneo la Busia lina mvua nyingi katika misimu miwili ya mwaka. Mwashi wa zamani alilijua hilo. Hakujaribu kuyazuia maji yasiingie. Aliyaachia njia ya kutoka. Chokaa na udongo vina vitundu vidogo ambavyo maji hupitia na kugeuka mvuke jua linapowaka. Ukuta hulowa na kukauka, mwaka nenda mwaka rudi, pasipo madhara makubwa.

Sasa mpake saruji. Njia ya kutokea maji imezibwa. Joto la mchana na baridi ya usiku huufanya ukuta utanuke na kujikunja. Matofali laini hufuata mwendo huo lakini saruji hukataa, na matokeo yake ni nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingia kwa nyufa hizo na kukosa pa kutokea. Unyevu uliozoea kutoka chini ya ukuta hupanda juu zaidi, ndipo tunapoona alama za maji zikikaribia madirisha ilhali paa halivuji.

Baya zaidi ni chumvi. Maji ya ardhini huwa na chumvi, na saruji yenyewe huongeza nyingine. Maji yasipoweza kupitia katikati ya matofali hulazimika kupitia katika tofali lenyewe, na yakikauka huacha fuwele za chumvi ndani ya uso wake. Fuwele hukua na kuusukuma uso wa tofali mpaka umeguke na kudondoka kama maganda.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji maabara. Tazama ukuta kuukuu ambao mianya yake ilijazwa saruji miaka mingi iliyopita. Mara nyingi utaikuta saruji imesimama wima ilivyotiwa, na matofali yaliyokuwa katikati yake yameliwa yakabaki mashimo, mithili ya fremu za madirisha yasiyo na vioo. Kilichopaswa kulilinda tofali kimelimaliza.

Hii ndiyo kanuni kuu ya kazi hii: kinachounganisha matofali sharti kiwe dhaifu kuliko tofali lenyewe. Pakiwa na msukosuko, basi mwanya uumie kwanza. Mwanya hujazwa upya kwa gharama ndogo. Tofali lililoliwa halirudi.

Somo kutoka pwani

Anayetaka kuiona chokaa iliyofanya kazi kwa karne nyingi hana budi kuifuata reli hadi ilikoanzia, Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 kwa matumbawe na chokaa, nayo ingali imesimama mbele ya upepo wa chumvi na mawimbi. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, umejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko.

Kusini zaidi, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara nchini Tanzania yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka wa 2004. Kuta zilikuwa zikiporomoka. Kazi ya kuzikarabati ilitumia chokaa na kuwahusisha mafundi wenyeji waliofunzwa papo hapo, na mwaka wa 2014 magofu hayo yaliondolewa katika orodha hiyo. Kilichookoa Kilwa kilikuwa ujuzi wa zamani uliorudishwa mikononi mwa watu wa hapo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba chokaa ni muujiza. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga Unguja mwaka wa 1883, ilianguka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililoachwa kuchakaa kwa muda mrefu huweza kufika mahali ambapo kulitengeneza kwenyewe ni hatari. Chokaa huokoa ukuta unaotunzwa kila mwaka, haifufui uliotelekezwa.

Chokaa ipi, na itoke wapi?

Mkazi wa mpakani ana bahati moja. Mawe yale yale ya Tororo yanayofanywa saruji hufaa pia kuchomwa kuwa chokaa, na upande wa Kenya chokaa huchomwa Koru, katika Kaunti ya Kisumu. Malighafi haiko mbali.

Lakini kuna mtego. Katika maduka ya pembejeo ya magharibi mwa Kenya huuzwa chokaa ya shambani, inayotumiwa na wakulima kupunguza asidi ya udongo. Hiyo kwa kawaida ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa. Yafaa kwa mahindi, lakini haishikanishi tofali na tofali hata ikikaa mwaka mzima. Anayejenga anahitaji chokaa iliyochomwa na kuzimwa, na ni vyema amuulize muuzaji swali hilo waziwazi kabla ya kutoa fedha. Ile ya unga ikipatikana, itumiwe ikiwa ingali mpya, kwa kuwa unga uliokaa wazi huivuta ile gesi ya hewani ukiwa bado mfukoni na kupoteza nguvu. Na iloweshwe siku kadhaa kabla ya kazi.

Mahali penye unyevu mwingi, chokaa tupu huchelewa mno kuwa ngumu. Dawa yake ilijulikana tangu enzi za Warumi: kuichanganya na majivu ya volkano au unga wa matofali yaliyochomwa kwa moto usio mkali kupita kiasi. Matofali yaliyovunjika hayakosekani penye matanuri. Majivu ya maganda ya mpunga, yakichomwa kwa uangalifu, yana tabia hiyo hiyo, na mpunga hulimwa Bunyala, katika kaunti hii hii ya Busia. Ni busara mchanganyiko wa namna hiyo ujaribiwe kwanza pahali padogo.

Hatua za kazi

Kabla ya yote, chunguza ukuta ulijengwa kwa nini. Chukua kipande kilichokuwa katikati ya matofali, kilicho mbali na matengenezo ya juzi, ukitie katika glasi ya maji. Kikiyeyuka na kuwa tope, ni udongo. Kisipoyeyuka lakini chakwaruzwa kwa msumari kwa urahisi, yamkini ni chokaa. Kikiukataa msumari, huenda ni saruji. Ukuta wa udongo hujazwa tena kwa udongo, na chokaa ikawekwa nje kama ngozi. Si lazima kila mahali pawe chokaa tupu.

Pili, tafuta maji yanakotoka. Mfereji wa paa uliotoboka, ardhi iliyopanda ikafunika chini ya ukuta, au sakafu ya saruji iliyomwagwa nje hadi ukutani, hayo ndiyo maradhi. Ufa ni dalili tu. Mara nyingine kuchimba mtaro wa kuyapeleka maji mbali hufaa kuliko magunia kumi ya kitu chochote.

Tatu, ondoa saruji ya zamani kwa tindo na nyundo, taratibu, bila mashine ya kukatia. Ikiwa imeng'ang'ania kiasi cha kung'oa uso wa tofali, iache ilipo. Mwanya usafishwe kina cha angalau mara mbili ya upana wake, uondolewe vumbi, na uloweshwe kwa maji ili matofali makavu yasiifyonze chokaa.

Nne, changanya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe wa mtoni, safi, wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanganyiko usiwe majimaji. Ushike kwenye mwiko bila kudondoka. Ushindilie ndani ya mwanya. Plasta nayo ipigwe kwa tabaka nyembamba, unene wa milimita 10 hivi kwa kila moja, na kila tabaka lipewe muda wa kushika kabla ya jingine.

Tano, linda kazi. Jua la mchana na mvua ya alasiri ni maadui wa chokaa changa. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki moja au zaidi. Mwisho, badala ya rangi ya plastiki ambayo huziba vitundu kama saruji, paka maji ya chokaa matabaka kadhaa, na urudie miaka michache ijayo.

Nao wanaofanya kazi hii wavae glavu na miwani. Watoto wasikaribie pipa la chokaa.

Gharama na muda

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: je, kamati ya kanisa yenye mfuko mdogo itamudu haya? Chokaa yenyewe si kitu cha anasa. Kilicho ghali ni muda na mikono. Kazi ambayo saruji huimaliza siku mbili, chokaa huidai wiki. Mafundi wengi wamefunzwa saruji pekee, na fundi anayelipwa kwa siku hana sababu ya kusubiri magunia yakauke.

Aidha, chokaa haifai kila mahali. Nguzo na mihimili ya zege, tangi la maji, au nyumba mpya ya ghorofa ni kazi ya saruji, na hakuna haja ya kuionea haya. Na pale ufa unapopitiliza ukuta mzima au ukuta wenyewe umeinama, ni mhandisi wa kuitwa, si mwashi.

Kwa majengo yaliyotangazwa rasmi kuwa turathi, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 hairuhusu yabadilishwe kiholela, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo ya kuendewa kwa idhini na ushauri. Kwa yale yasiyotangazwa, ambayo ni mengi zaidi, mlinzi ni mwenye jengo peke yake.

Njia nafuu ni kuanza kwa kidogo. Chagua ukuta mmoja, upande mmoja, usiozidi mita chache. Jaza mianya yake kwa chokaa, na uache sehemu ya jirani kama ilivyo. Subiri masika yapite na vuli zipite. Kisha kamati yote isimame hapo na kutazama ni wapi palipo pakavu. Fundi kijana aliyeshika kazi hiyo atakuwa amepata ujuzi ambao wenzake hawana, na kanisa au shule itakuwa imejifunza bila kuhatarisha jengo zima.

Majengo haya yameuona mpaka ukichorwa, bendera ikishushwa na nyingine kupandishwa, na mabehewa yakipita kuelekea Kampala. Hayakuhitaji kuwa magumu ili yadumu. Basi tuzibe ufa kama walivyotuasa wahenga, lakini tuuzibe kwa kile ambacho ukuta wenyewe unakijua.